Ndizi Nisiyopewa na Roboti

Mjukuu wangu anasoma chuo, tena mambo ya roboti. Nawaambia wanawake wa jumuiya kila tukitoka kusali, na anayekereka akereke. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye anaifundisha mashine kumsaidia mtu kazi bila kumuumiza.

Likizo hii alikuja Muleba na miwani mikubwa kama kinyago. Anataka kuona wazee wanavyoshirikiana na roboti. Roboti lenyewe hakulileta. Limo ndani ya miwani, uhalisia pepe anauita, na humo likikosea halimkati mtu kidole. Akanikalisha jikoni, akanivalisha, nikajiona niko mbele ya mlima wa ndizi, na jitu la chuma limekaa mkabala nami. Kazi yake kunipa ndizi, yangu kumenya.

Nikangoja. Kwetu mtu mwenye adabu hanyooshi mkono kudokoa asichopewa. Nikangoja tena.

"Bibi, mbona hupokei?"

"Nipokee nini? Hili jinga lako halijanipa kitu. Limekaa kama bwana harusi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akabonyeza kompyuta yake, ndizi ikaja mkono wa kulia. Nikaipokea, nikasema "kasinge", maana shukrani hata kwa chuma ni shukrani. Halafu ndizi nyingine haikuja.

"Limechoka?" nikauliza.

Safari hii hakucheka. "Bibi, linakupa. Ndizi iko kushoto. Limekunyooshea muda wote."

Sikuona kitu. Akanivua miwani, akaninyooshea vidole vyake mwenyewe upande wa kushoto, nikavikosa navyo. Akaanza kuuliza: lile kovu la paji la uso, upande huu huu wa kushoto, ulijigonga mlangoni? Na panga lililokukata mguu wa kushoto shambani? Nikamwambia migomba imeota ovyo mwaka huu.

"Huwezi kuendelea kukaa peke yako kwenye kibanja hiki cha migomba, Bibi. Utakuja kwa mama, Rwamishenye, pale Bukoba mjini."

Rwamishenye! Nikakae kwenye kochi nikitazama ukuta wa jirani, huku migomba aliyoniachia babu yake inamezwa na majani? Nilimwambia nilimwombea asome, sikumwombea aje kunihamisha. Akalia. Niliona aibu, lakini maneno sikuyafuta.

Kesho tunakwenda Bukoba kwa daktari wa macho. Nimemwambia, "Ukinipeleka, unirudishe hapa hapa." Anakunja nguo zangu kwenye begi, nyingi kuliko za siku moja.