Sanda Iliyorudi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau: siku aliyonyongwa Hamisi. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami binti tu hapa Kariakoo.

Hamisi alikuwa mchukuzi sokoni. Aligombea mkokoteni na mwenzake, Salumu, akamchoma kisu. Hasira hasara. Salumu alikuwa mchumba wangu. Nguo za harusi zilikuwa zimeshakatwa. Jaji alipomhukumu Hamisi kitanzi nilipiga vigelegele, na mtu asiniambie uchungu ule haukuwa haki yangu.

Siku yenyewe Bi Tausi, mama yake Hamisi, alikwenda na sanda hadi lango la gereza kuomba maiti ya mwanawe. Wakamfukuza. Aliyenyongwa alizikwa na serikali humohumo ndani, ndugu wasionyeshwe hata kaburi. Akarudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, sanda kwapani, na mtaa mzima ukamfungia milango.

Mama yake Salumu, Bi Zuhura, akachukua mkeka wake. Nikamzuia mlangoni.

"Mama, unaenda kumpa pole mzazi wa muuaji?"

"Mwanangu aliletwa nyumbani akaoshwa, na kaburi lake nalijua. Mwenzangu kanyimwa hata hilo," akasema. "Wewe ulikitaka kitanzi, umekipata. Haya, Salumu akirudi, njoo uniite."

Akaenda. Wakakaa matanga wawili tu, bila maiti, mpaka jioni nilipowafuata nikiwa nimevimba macho. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Miaka mingi baadaye Bi Tausi akafariki, nami nikawa miongoni mwa waliomwosha. Sandukuni tukaikuta sanda ileile. Ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Viwili vilivyopungua alivitoa Bi Zuhura.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe uliyesoma na huenda kesho ukakaa bungeni. Bendera ya Mwingereza tuliishusha, kitanzi chake tukakiacha kwenye vitabu vya sheria. Kifuteni. Muuaji afungwe, hata maisha yake yote, mimi simtetei. Lakini jaji ni binadamu, hukosea, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akujaalie mkono usioidhinisha kifo cha mtu. Na mama yako, inshallah, asiende kokote na sanda akarudi nayo.