Kamba ya Babu

Juzi nilipita gereji moja pale Tukuyu nikakuta vijana wanabishana: kati ya Land Rover ya zamani na Peugeot 504 pikapu, ipi ilikuwa gari hasa? Nikacheka, kisha nikanuna. Swali hilo sisi wa kijiji cha Lupepo tulilijibu zamani, na jibu lake linaniuma hadi leo.

Babu yangu alikuwa na Land Rover. Springi zake zilikurusha mpaka uone nyota mchana, kwenye lami ilijikokota ikinguruma, na petroli iliinywa kama ng'ombe aliyetoka juani. Lakini babu akishaingiza gia ndogo na magurudumu yote manne yakavuta, hakuna tope lililoishinda. Bibi alitufungia mbalaga, ndizi zake za kupika, kwenye jani la mgomba, tukala njiani huku harufu ya petroli ikituingia puani. Raha iliyoje!

Biashara ilipofunguliwa, siku zile za ruksa, jirani yetu akaleta Peugeot. Huyu alikuwa rafiki wa babu tangu walipochunga ng'ombe pamoja. Lo, gari lile! Gia yake ilikaa kwenye usukani, viti laini, lilibeba zaidi ya tani, na kwenye lami lilikuwa linaruka. Ila lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Akaja mnunuzi wa ndizi kutoka Dar es Salaam. Akasema gari litakalomfikia kwanza sokoni Tukuyu, likiwa limejaa, ndilo litakalosomba ndizi za kijiji kizima. Babu aliitegemea kazi hiyo. Bila hiyo, alisema, Land Rover itageuka banda la kuku.

Siku ya kushindana ilinyesha mvua ya kwetu, isiyojua kuaga. Peugeot ilitangulia, tukaikuta mlimani imezama hadi ekseli. Kwetu aliyekwama hapitwi. Hata awe adui yako, unashuka. Babu akashuka, akafunga kamba yake ya katani, akaivuta Peugeot mpaka ukingoni mwa lami.

"Ndaga fijo, nkamu gwangu," jirani alimshukuru kwa Kinyakyusa, akimwita ndugu yake. "Sasa twende wote, wewe mbele. Kamba naifungua mimi."

Akaifungua, akaitupa ndani ya gari lake, akatupita mbio. Babu alipiga honi mara moja tu.

"Shukrani ya punda ni mateke," bibi alisema jioni, akikoroga chungu kwa hasira. Mimi nilitaka babu atukane. Hakutukana.

Siku chache baadaye tulimkuta jirani amekwama palepale, amesheheni ndizi za kijiji. Babu akasimama, kwa mazoea.

"Lete kamba yangu."

Jirani akainama. "Nilifungia mzigo wa mnunuzi. Imeshakwenda Dar."

Babu akarudi garini, akaingiza gia.

Land Rover ikawa kweli banda la kuku. Peugeot nayo ilikufa. Siku hizi gari likikwama mlimani, wengine wanapita vioo vimepandishwa, wala hakuna anayeshangaa.

Vijana wa gereji niliwaambia ipi ilikuwa na mbio na ipi ilikuwa na nguvu, wakaridhika. Sikuwaambia kwamba mtu wa kwanza niliyemwona akimpita aliyekwama alikuwa babu yangu, na kwamba alilia mpaka Tukuyu.