Faili la Jana

Ukitaka kumjua Waya, usianze na kompyuta zake, anza na viatu vyake. Alikuwa na raba nyeupe za kazini ambazo kila asubuhi alizikanyagisha kwenye beseni la dawa, pale mlangoni mwa kiwanda cha kuangulia vifaranga. Kila anayeingia lazima akanyage humo, meneja hadi mfagiaji, ili magonjwa ya nje yabaki nje. Dawa ilikuwa imezigeuza zile raba rangi ya chai.

"Waya," dada yake alikuwa akimwambia, "siku hizo raba zikifa utazizika mwenyewe, mimi sanda sichangii."

Yeye hucheka tu. Mrefu, mwembamba, shingo imeinama mbele kama anayetafuta kitu alichodondosha. Jina la Waya lilimkaa bila kupimwa.

Alikaa chumba kimoja, mkabala na vyumba viwili vya dada yake, ukumbi mmoja katikati. Yeye na mume wa dada walifanya kazi pamoja. Huyo shemeji alikuwa mlinzi wa mashine zamu ya usiku, na kiwandani wote walimwita Mkunga, kwa sababu mayai yakianza kupasuka ni yeye aliyekuwepo. Mtu wa maneno mengi. Vifaranga vikitoka alivisalimia: "Karibuni, karibuni, nyumba ni ndogo lakini mapenzi tele."

Sasa, wenzangu, naomba subira kidogo, maana bila hili msiba wenyewe hamtauelewa. Mashine za kule ni makabati makubwa, mtu anaingia wima. Kila kabati lina kompyuta ndogo ubavuni inayolinda joto, na maelekezo yake aliyaandika Waya: joto likishuka washa hita, likipanda zima. Maandishi hayo mtu mwenye elimu kidogo angeweza kuyafuata. Lakini kabati halikupewa maandishi. Lilipewa faili la pili, lililokompailiwa, yaani maelekezo yaleyale yamegeuzwa baitikodi, namba tupu ambazo mashine huzimeza upesi na binadamu hazisomi. Chukulia mahindi na unga. Ukishasaga, kisha ukakumbuka mawe, ukirudi kuchambua gunia la mahindi hujautoa mchanga kwenye unga. Lazima usage upya.

Siku ya msiba huo kabati la nne lilikuwa limefungwa kipimajoto kipya, na kipya kilisema uongo: kilisoma joto pungufu kuliko lilivyo. Waya aliliona hilo mapema. Akafungua maandishi yake, akaongeza mstari wa kurekebisha, akahifadhi. Lililobaki ni kukompaili, kisha kulituma faili kabatini.

Jioni Mkunga akachungulia mlangoni. "Shem, chakula kinapoa, na mimi si mkeo wa kukufunikia."

"Ningekuwa na mke ningekula na wewe?"

"Ndiyo maana huna! Twende."

Waya akacheka, akatuma faili, akainuka. Kukompaili ni kufumba na kufumbua. Jambo jepesi hivyo halina kumbukumbu. Mkono ulidhani umeshalifanya. Lililokwenda kabati la nne lilikuwa faili la jana.

Usiku ule mayai ya kabati la nne yalikuwa yapasuke. Kioo cha kabati kilionyesha joto zuri kabisa hadi alfajiri, maana kilimwamini kipimajoto mwongo, na hita ikawaka kujaza pengo lisilokuwepo.

Kukicha, wafanyakazi walipopita kwenye beseni na kuingia, walikuta kelele za ukumbi zimepungua. Mahali pale asubuhi ya kutoa vifaranga hamsikilizani. Makabati mengine yalilia; la nne, hapana. Mkunga alikuwa amefungua mlango wake na kusimama mbele ya trei. Mayai mengi yalikuwa yametobolewa tundu dogo, na kwenye tundu pamekauka mdomo wa kifaranga. Alichukua yai akaliweka sikioni. Akalirudisha. Akachukua jingine. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Daktari wa mifugo alipasua machache akasema neno moja: joto.

Meneja akataka maandishi ya Waya. Waya akayachapa kwenye karatasi, akayasoma mwenyewe kwanza, moyo ukamtulia. Mstari wa kurekebisha ulikuwepo, mzima. Hakuwa anadanganya mtu. Alionyesha alichokiandika, na alichokiandika kilikuwa sahihi. Kwa hiyo programu haina kosa, kioo hakina kosa, kilichobaki ni matundu ya hewa, ambayo mlinzi huyafungua kwa mkono ili joto la ziada litoke.

"Uliyafungua?" Meneja aliuliza.

"Niliyafungua," alisema Mkunga.

"Una hakika? Hukupitiwa hata kidogo?"

Mkunga alimtazama Waya, akatazama ile karatasi isiyo na kosa. Mtu mwaminifu akiulizwa mara nyingi, huanza kujitafuta mifukoni. "Labda," alisema taratibu. "Labda nilisinzia."

Wakamwandikia hayohayo, akasaini, akafukuzwa.

Nyumbani maneno yalimwisha. Kulala pia kukamwisha, maana alianza kuuogopa usingizi wake. Alikagua jiko lililokwisha kuzimwa, akarudi, akalikagua tena. Mtoto wao mdogo akilala mchana, yeye hukaa pembeni na kumwekea kiganja puani.

"Baba nanihii, mtoto anapumua," dada alimwambia.

"Najua. Nahakikisha tu."

Kabati la nne lilisafishwa likakaa tupu. Jumatatu moja Waya aliagizwa kuliandaa upya. Alipofungua orodha ya mafaili yake akaona tarehe mbili: maandishi, tarehe ya siku ile, lililokompailiwa, tarehe ya siku moja kabla. Alikaa akizitazama. Kisha akaenda kuliwasha kabati likiwa tupu, akaweka ndani kipimajoto cha kawaida cha kioo, akasubiri. Kioo cha kabati kilisema joto ni sawa. Kile cha ndani kilikuwa kimepanda mno.

Alikwenda kwa Meneja, akamweleza. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akainuka kufunga mlango.

"Taarifa ilishakwenda juu. Kompaili hilo faili lako kazi iendelee."

"Na shemeji yangu?"

"Alisaini mwenyewe. Nani alimshika mkono?"

Waya akakompaili. Niwaambie kweli, hapo ndipo alipojichafua, si siku ya kwanza. Siku ya kwanza alisahau, na kusahau ni kwa binadamu. Sasa alijua, na jioni ile alikula sahani moja na Mkunga, na kesho yake, na keshokutwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekaa pale mkekani ikiomba chumvi.

Jumamosi alikuja jirani, fundi cherehani, na habari njema: shule ya watoto inatafuta mlinzi. "Nimekutaja wewe, Mkunga. Wanakusubiri."

Mkunga alitikisa kichwa. "Asante, jirani. Usiwape mtu wa kusinzia. Kule kuna watoto."

Fundi cherehani alijaribu kutania, utani ukakataa, akaaga. Dada alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso.

"Hukusinzia," Waya alisema.

Akawaeleza yote, faili, tarehe, kabati tupu, mlango wa Meneja. Ungo wa dada ukasimama.

Mkunga aliuliza kwa sauti ndogo, "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni siku gani?"

Dada akamjibia: "Leo Jumamosi. Umekula kwangu Jumatatu, Jumanne, Jumatano..."

"Mwache, mke wangu." Mkunga hakupaza sauti. "Shem, mimi nilisema nimelala mbele ya watu wote. Na wewe nenda ukaseme mbele ya walewale."

Jumatatu Waya aliwahi kufika, akasimama kando ya beseni la dawa ambapo hapiti mtu bila kusimama kidogo. Kila aliyekanyaga alimwambia: "Mkunga hakulala. Kosa ni langu, nilituma faili la zamani." Wengine walimshika bega. Mfagiaji alimtemea mate karibu na raba. Meneja alipofika naye aliambiwa yaleyale, mbele ya wote, akamwonyesha Waya geti.

Mkunga hakurudishwa kazini. Zamu yake ilishapata mtu.

Waya alirudi nyumbani jua kali, raba mkononi. Kutoka vyumba vya dada ulisikika mkoromo mzito, wa mtu aliyekuwa na deni la usingizi. Alipiga hatua ukumbini. Dada akatokea mlangoni, akatazama raba, akamtazama yeye.

"Usimwamshe," alisema, akaurudishia mlango taratibu, akatia komeo kwa ndani.