Amin kwa Kila Picha

Mdogo wangu alikuwa anataka kitu kimoja tu, nacho hakikuwa kikubwa: kazi katika shule ya chekechea hapa kwetu Jego. Watoto alikuwa anawafundisha tayari, bure, akikaa nao mkekani, akimjua kila mmoja kwa sauti yake na kwa namna anavyovuta kamasi. Macho yake yalizimika angali mdogo, kwa homa. Kamati ya wazazi ilimpenda, lakini kamati haiwezi kumlipa mtu asiyekuwa na cheti. Wakasema alete cheti, nafasi itamngoja mpaka shule zifunguliwe Januari.

Vyuo viko mbali, na barabara yetu mvua ikinyesha haina adabu. Kwa hiyo tuliposikia kuna chuo kinachofundisha kwa simu, nilifurahi kama mtu aliyekuta koti la ngozi ndani ya robota la soksi. Mimi huuza mitumba, Jego na Vanga. Robota silinunui mpaka nimelipapasa mara mbili, na hicho chuo pia nilikipapasa. Niliwaambia mapema kwamba mwanafunzi wangu haoni. Wakasema hakuna shida, wote wanakaribishwa. Nikauliza tena, wakasema hivyo hivyo.

Simu yake ilikuwa inasoma. Akigusa maandishi, inayatamka kwa sauti ya mwanamke ambaye nadhani alijifunza Kiswahili ndani ya ndege. Mdogo wangu akamwita shangazi, kwa kuwa alisema sana na hakuwa na haraka ya kuondoka. Shida ya shangazi ilikuwa moja: picha hakuweza kuzisoma. Na walimu wa chuo walizipenda mno. Somo likiandikwa ubaoni, linapigwa picha na kutumwa kwenye grupu la darasa. Ratiba ikibandikwa ukutani, inapigwa picha. Shangazi akifika hapo husema, "Picha," kisha hunyamaza. Jioni nikitoka sokoni nilikuwa ninamsomea mimi, niliyeishia darasa la saba, nikijikwaa kwenye saikolojia ya mtoto kama mtu anayetembea na viatu vya mwenziwe.

Sasa kuna mambo ya kwetu. Ijumaa ikifika, grupu lolote la watu wa Pwani hujaa picha: maua, misikiti, mwezi na nyota, na juu yake dua. Ukitumiwa dua huiachi ikining'inia. Unaitikia Amin. Asiyeitikia huonekana ana kiburi, au ana jambo na mtu. Mdogo wangu ana adabu kuliko mimi. Wenzake Wakristo waliotoka bara walikuwa na picha zao za Jumapili, na hao pia akawaitikia. Siku hizo mbili, kila shangazi aliposema "Picha," yeye aliandika "Amin." Alikuwa akikisia tu, na hakuwa amekosea hata siku moja.

Ijumaa moja nilikuwa nimekwenda Kongowea kununua mzigo, na mvua ikanishika huko mpaka Jumatatu usiku. Asubuhi ya Ijumaa ile mwalimu wa chuo alituma picha ya tangazo lenye muhuri. Mtihani wa mwisho hautakuwa Alhamisi tena. Utafunguliwa Jumatatu asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Tangazo lilitua katikati ya maua. Mdogo wangu akaandika chini yake, "Amin, thumma amin. Allah atutakabalie."

Wenzake walicheka. Mmoja akaandika kwamba huyu dada ana imani, mtihani anauombea badala ya kuusoma. Shangazi alipomsomea utani huo, mdogo wangu naye alicheka, akidhani dua ya kwenye picha ilikuwa ya kuuombea mtihani.

Jumatatu asubuhi alikuwa chekechea, akiwafundisha watoto wimbo wa kunawa mikono. Jumanne grupu zima likawa linasema afadhali umekwisha. Akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

"Dada, ni nini kilichokwisha?"

Nilipanda na kushuka kwenye simu yake mpaka nikalipata tangazo. Nikamsomea. Akaniomba nisome tena, nikasoma tena. Kisha nikamsomea na jibu lake.

"Basi nimeshaitikia," akasema.

Jumatano nilikuwa chuoni. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mpole, akaniamkia shikamoo kwa bidii ya mtu aliyejifunzia huku. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtihani wa mdogo wangu. Alilitafuta jina, kisha akanisogezea simu yake.

"Lakini mama, huyu aliona. Si alijibu? Tazama." Kidole chake kilikuwa juu ya ile Amin.

"Kujibu alijibu. Kuona hakuona. Haoni."

"Haoni nini?"

"Hakuna anachokiona. Tuliwaambia siku ya kuandikishwa."

Akaiweka simu mezani. "Niliambiwa," akasema polepole. "Nikasahau. Anaandika vizuri sana, mama. Hata herufi hakosei. Huwezi kujua."

Hapo nikaanza kazi ninayoiweza. "Bei yako ya kwanza ni kwamba mtihani umefungwa. Nimeisikia. Sasa nipe ya mwisho."

"Hapa si sokoni, mama. Mtandao umejifunga wenyewe. Atarudia mwisho wa mwaka ujao, na darasa jipya."

"Mfungulie nusu siku."

"Siwezi."

"Saa moja. Ana vidole vyepesi."

"Mama, ningekuwa na ufunguo ningekupa na kufuli lake."

Nimeuza nguo miaka mingi. Ninamjua anayeificha bei, na ninamjua asiyekuwa nayo. Huyu hakuwa nayo. Lakini sikutaka kutoka mikono mitupu, nikamwambia basi, kuanzia leo kila tangazo na kila somo liandikwe kwa maneno, na picha ikibidi itumwe, iandikwe chini yake imebeba nini. Akakubali papo hapo, bila kuvutana. Nikajua nimeomba kidogo.

Kamati ilingoja kadiri ilivyoweza. Shule zilipofunguliwa ikamchukua binti mmoja wa Vanga, mwenye cheti na macho yake mawili, wala simlaumu. Mwalimu mkuu wa chekechea alikuja mwenyewe nyumbani kutuambia. Alikaa, akakataa chai, kisha akainywa. Mdogo wangu akamuuliza kama yule mtoto anayeogopa kwenda chooni ameshazoea.

"Bado, mwanangu."

"Mwambieni mwalimu mpya amsindikize mpaka mlangoni tu. Asiingie naye."

Nafasi ikiwa imekwenda, mtihani hakujiandikisha kuurudia. Tangu hapo ananisaidia kuchambua nguo. Tunamwaga robota barazani, yeye anapapasa, pamba upande huu, nailoni upande ule. Mikono yake ni hodari kuliko macho yangu.

Kijana wa chuo alilishika neno lake, nimpe haki yake. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, hakuna aliyekumbuka kumwondoa mdogo wangu kwenye grupu. Tulikuwa barazani simu ilipolia, naye akaigusa kwa mazoea. Shangazi akaanza kusoma: siku ya somo, saa, mada. Halafu akasema, "Picha. Watoto wanne wanacheza na mchanga. Mwalimu wao amechutama kati yao, anacheka."

Mikono ya mdogo wangu ilisimama.

"Niizime?" nikamuuliza.

"Mwache amalize, dada."

Shangazi akaendelea na lafudhi yake ile, neno kwa neno, mpaka mwisho wa tangazo. Mdogo wangu akaokota blauzi, akaipapasa, akaiweka kwenye fungu la nailoni. Ilikuwa ya pamba. Nikaiacha hapo hapo.