Rasimu ya Mheshimiwa wa Mwambani

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kabla sijaonyeshwa kiti changu. Nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya hati mkato, yale maandishi ya vistari na vitone yanayomwezesha mtu kuandika kwa kasi ya mdomo wa msemaji, na nilijiona bingwa. Mhariri Mkuu wa Taarifa Rasmi, mama mfupi mwenye miwani minene, alinipeleka kwenye meza ya waandishi chini ya kiti cha Spika na kunipa zamu ya dakika kumi. Mjumbe mmoja mzee alikuwa anazungumzia gati la jimboni kwake. Alisema hataki libomolewe. Mimi kwa ujuaji wangu niliona maneno yake ni makali mno kwa ukumbi wenye mazulia, nikaandika kwamba ana wasiwasi na ubomoaji huo. Nilipopiga chapa na kumpelekea, Mhariri Mkuu aliichana karatasi mbele ya wenzangu.

"Sarufi yake irekebishe," aliniambia, "lakini nia yake usiiguse. Watu wa jimbo lake wamemtuma yeye. Wewe hakuna aliyekutuma."

Nayaandika haya Richardson, Texas, kwenye meza ya jikoni ya binti yangu Zuhura, mfamasia, ambaye ndiye aliyenileta huku nilipostaafu. Chama cha watu wa visiwa vyetu wanaoishi Dallas na Houston kinatengeneza kijitabu cha kumpokea mgeni rasmi, Spika mstaafu wa Baraza letu, na mwenyekiti wa chama ameniomba kurasa chache za kumbukumbu za kazi ili vijana wasome. Nimezikubali kurasa hizo kwa hasira. Jina la nchi yetu silitaji. Wenyewe mnalijua, na wasio wenyewe watosheke na kujua kwamba ni ndogo kiasi cha waziri na aliyemfunga kukutana asubuhi kwenye foleni moja ya mkate.

Vijana wangu, mjue kwanza kazi yenyewe. Nchi yetu ina mabaraza mawili. Baraza la Juu ni la wateule, watu wazima wenye kanzu safi wanaoingia kwa barua ya Rais. Baraza la Chini ndilo la kuchaguliwa, wajumbe thelathini, kila mmoja na jimbo lake. Taarifa Rasmi, ambayo wengine huiita Hansadi, ni kumbukumbu ya kila kinachosemwa humo. Jaji akitaka kujua sheria ilikusudia nini, huifungua hiyo. Mwananchi akitaka kujua mjumbe wake alimsemea nini, huifungua hiyo hiyo. Lisiloandikwa humo, kwa serikali, halikusemwa.

Kila mwandishi alikaa ukumbini dakika kumi, akatoka akapiga chapa, mwenzake akaingia. Baada ya hapo tulisikiliza tepu kuhakikisha. Kisha ilifuata rasimu. Kila mjumbe aliyesema siku hiyo aliwekewa nakala ya maneno yake kwenye kisanduku chenye jina lake, katika ukumbi wa nje wa Baraza. Alikuwa na siku mbili za kusoma, kusahihisha na kutia saini. Siku mbili zikipita bila karatasi kurudi, Mhariri Mkuu alipiga muhuri uliosema HAKUNA MASAHIHISHO, na habari ikaisha. Utaratibu huo ulikuwa wa haki kabisa kwa mtu anayeweza kukifikia kisanduku chake. Lishikeni hilo.

Nilianza na cheo cha Mwandishi Daraja la Tatu. Nikahamishiwa Baraza la Juu kwa miaka miwili, ambako nilipumzisha mkono, kwa sababu wazee wale walikuwa wakiafikiana hata kabla hawajaulizwa. Niliporudi Baraza la Chini nilifanywa Mhariri Msaidizi. Mama wa miwani alipostaafu, Katibu wa Baraza aliniita ofisini akaniambia nishike nafasi yake, ila kwa kukaimu. Katibu ndiye mtendaji mkuu wa Baraza, yule avaaye joho jeusi na kukaa mezani mbele ya Spika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na adabu nyingi. Nilikaimu mwaka mzima nikisubiri barua ya kuthibitishwa, na watu walinitania kwamba hata nyumbani naitwa Kaimu Baba. Nilicheka nao. Moyoni ilikuwa inaniuma.

Ndipo ulipoletwa muswada wa Mwambani. Mwambani ni kisiwa kidogo katika visiwa vyetu, na serikali ilitaka kukikodisha kwa mwekezaji kwa miaka tisini na tisa, watu wake wahamishwe. Katiba inasema kisiwa chenye wakazi hakikodishwi mpaka theluthi mbili ya wajumbe wakubali, kila mmoja kwa kuitwa jina. Maana yake kura ishirini. Mjumbe wa Mwambani alikuwa Mheshimiwa Rehema, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya siasa. Kila mtu visiwani alijua msimamo wake wa kuupinga muswada, maana alikuwa ameusema kwa wiki tatu mfululizo.

Siku ya kura niliingia ukumbini mwenyewe, sikumwachia mwandishi mwingine. Katibu wa Baraza alisimama na orodha yake, akaita majina. Alipofika kwa mjumbe wa Mwambani, yule mama alisimama, akashusha ushungi sikioni kana kwamba anataka kuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, akasema: "Hapana." Nililiandika neno hilo. Sikuwa mbali naye hata hatua tano. Katibu aliweka alama kwenye karatasi yake, akaendelea. Mwishowe Spika alisoma matokeo kwamba waliokubali ni ishirini na waliokataa ni kumi, akatangaza theluthi mbili imetimia.

Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Mheshimiwa Rehema naye alikuwa akihesabu kwa vidole, kwa sababu alisimama hapo hapo kuomba utaratibu, kipaza sauti chake kikazimwa. Akapaza sauti yake ya darasani. Spika akamwamuru mpambe, yaani askari wa ukumbi anayebeba siwa, amtoe nje, na akamfungia vikao kumi. Mjumbe aliyefungiwa haruhusiwi kuvuka hata geti la Baraza.

Jioni hiyo nilisikiliza tepu mara tatu. Lile "Hapana" lilikuwemo, safi. Nikachukua daftari langu na karatasi ya mezani, ile ya alama za kura ambayo Katibu alikuwa ametuletea, na mbele ya jina la Mwambani kulikuwa na alama ya Ndiyo. Nikampelekea Katibu. Nilifikiri, mjinga mimi, kwamba ni kosa la mkono. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai.

"Taarifa Rasmi inafuata karatasi ya mezani," akasema. "Hiyo ni Kanuni. Kama mheshimiwa ana malalamiko, utaratibu upo. Mwekee rasimu yake kisandukuni kama wengine."

Nikamwambia mheshimiwa amefungiwa, hawezi kuingia.

"Hilo ni la Spika na yeye," akasema. "Wewe kazi yako ni kuweka rasimu. Halafu kuhusu barua yako ya kuthibitishwa, nimeiona mezani kwangu leo."

Hakunitisha wala hakupandisha sauti. Nilikunywa ile chai nikaimaliza. Nikapiga chapa rasimu yenye neno Ndiyo, nikaenda kwa miguu yangu mpaka ukumbi wa nje, nikaitumbukiza katika kisanduku cha mwanamke niliyejua hawezi kukifikia. Ningeweza kumpelekea nyumbani kwake. Ilikuwa mwendo wa robo saa, na nilipita mtaa wake kila siku kwenda kwangu. Siku mbili zilipopita niliitoa karatasi ile ile, haijaguswa, nikapiga muhuri. HAKUNA MASAHIHISHO. Taarifa ilipochapwa tepu ilifutwa ikatumika upya, kama ilivyokuwa kawaida yetu, na madaftari ya hati mkato yakachomwa. Wiki mbili baadaye neno Kaimu liliondolewa mbele ya cheo changu, na nikafanya karamu.

Watu wa Mwambani walihamishwa. Wakati wa kuhamishwa walionyeshwa Taarifa Rasmi yenye muhuri wangu, waone mjumbe wao alivyopiga kura. Mheshimiwa Rehema aliapa msikitini, akaapa sokoni, lakini karatasi ya serikali ina muhuri na kiapo cha mtu hakina. Wakamwita muuza kisiwa. Mwishoni aliondoka nchini. Mimi nilifanya kazi mpaka nikastaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Aliyehutubia alikuwa Spika huyo huyo, ndiye mgeni wenu rasmi, akanisifu kwa uaminifu wa kalamu, nami nikapokea sifa hiyo nikainamisha kichwa.

Mngeweza kuniuliza kwa nini hasira imekuja leo. Imekuja kwa simu. Mwenyekiti wa chama, kijana mzuri anayefanya kazi za kompyuta hapa Dallas, alinipigia kunieleza shughuli. Nilimuuliza kama wamemwalika Bi Rehema, kwani nilishasikia yuko Alief, kule kusini magharibi ya Houston, anauguza wazee katika nyumba ya kulelea.

"Yule aliyeuza Mwambani?" akasema. "Hapana, Mzee. Tume-decide asije, ita-spoil mood. Wewe tuandikie tu kitu positive."

Kijana huyu alitoka visiwani akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwambani hajawahi kukanyaga. Uongo nilioupigia muhuri umevuka bahari, umefika Texas, na umemkuta yeye akiwa mtu mzima, msomi, na ameuamini. Nilikata simu. Niliwakasirikia Spika na Katibu na adabu zake, na aliyenikasirisha kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Jumamosi Zuhura alinipeleka Houston kwa gari, saa nne njiani. Nilimweleza yote tulipokuwa barabarani. Tulipopita nusu ya safari akasema, "Baba, ile karamu nilivaa gauni jipya."

Bi Rehema anakaa ghorofa ya pili katika nyumba za kupanga nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Alikuwa bado na sare zake za kazi. Alinijua mara moja, akatukaribisha, akatuwekea kahawa, maana hayo ndiyo malezi yake. Nilimweleza kuhusu tepu, daftari, chai ya Katibu na rasimu. Nilimwambia kwamba ushahidi wote umeteketea na mtu aliyebaki anayejua ni mimi. Kisha nikaanza kumwomba radhi. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Mama yangu alipokufa," akasema, "watu wa Mwambani hawakuja kuzika. Jeneza lilibebwa na wafanyakazi wa manispaa na mwanangu. Mama hakuwa mjumbe wa kitu chochote. Mzee Nassor, miaka yote hii nilikuwa nadhani labda sauti yangu haikusikika. Nimelala nayo hiyo. Labda ningesema kwa nguvu zaidi."

"Ilisikika, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Basi usiniombe radhi sebuleni kwangu, ambapo hakuna wa kusikia. Wewe ni mwandishi. Kaandike."

Alitusindikiza mpaka ngazini, akarudi ndani kubadilisha nguo, kwa kuwa alikuwa na zamu nyingine.

Huu ndio ustaafu wangu, vijana wangu. Wenzangu husema ustaafu ni wakati wa kufikiria mema uliyofanya. Nimefikiria. Nimeandika kwa usahihi maelfu ya hotuba kuhusu mabomba na magati, na hakuna hata moja ambayo mtu alihitaji niwe jasiri ili niiandike. Siku moja tu nilihitajika. Nikanywa chai. Mkipata kazi ya kuandika maneno ya watu, iwe mahakamani, hospitalini au kwenye kompyuta zenu hizo, siku yenu itakuja nayo haitapiga hodi kwa kelele. Itakuja na mtu mpole mwenye kanuni mkononi.

Mwenyekiti amekwisha kusoma kurasa hizi. Ameniomba nizipunguze, nibaki na sehemu ya hati mkato, ili mgeni asiaibike. Nimemjibu kwamba zitatoka zote au zisitoke, na kwamba zisipotoka nitazisoma kwa mdomo mlangoni pa ukumbi, mgeni rasmi akishuka garini. Huku kila mtu anakuja na gari, nitawapata wote mmoja mmoja pale pa kuegeshea.

Na iandikwe hivi. Siku ya kura ya Mwambani, Mheshimiwa Rehema, mjumbe wa Mwambani, aliitwa jina, akasimama, akasema Hapana. Aliyeandika Ndiyo ni mimi, Nassor, nikijua. Enyi watu wa Mwambani mlioko Houston, Dallas na popote mlipotawanyika, mama yake kalala katika makaburi ya mjini kule visiwani, safu ya nyuma karibu na ukuta. Mmechelewa kumzika kwa sababu yangu. Nendeni mkamwombee dua, kisha mkabishe hodi kwa binti yake.