Kikapu cha Kahawa Kilipohamia Kwenye Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama kimya kama mgomba, nikaacha watu wote wapite bila kunawa. Nawaandikia wadogo zangu ukweli: niliona haya. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na Mama Koku, mhudumu wa afya wa kijiji chetu hapa Kibingo, alinipa kituo nyumbani kwa bibi: kulinda kibuyu chirizi. Ni dumu linaloning'inia kwenye mti. Ukikanyaga kijiti chini, kamba inaliinamisha, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu.

"Wewe mlinzi au sanamu?" Mama Koku aliniuliza.

Bibi ana pumu. Kila Jumapili baada ya ibada ukoo huja kumwamkia, naye huwapa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kikapu kimoja, mikono yote humo. Kuikataa ni kumtukana.

"Si tufunge mlango tu?" nilimwambia Mama Koku. "Shangazi amepiga simu, kwao Uganda askari wanazuia watu kutoka."

"Hapa ukifunga mlango watapitia migombani, mwanangu. Waombe."

Kuomba ndiko kulikonishinda.

Jumapili iliyofuata alitangulia Mzee Bitegeko, mkubwa wa ukoo, na koti lake, nyuma yake watu kama ishirini. Akipita huyu bila kunawa, wote wamepita. Nilikwapua kikapu mapajani mwa bibi, nikakimbia nacho hadi kwenye dumu.

"He! Kahawa imehama nyumba?" Mzee akauliza.

"Shikamoo babu. Ime... imekuja kunawa."

Akacheka mpaka koti likatikisika, akakanyaga kijiti, maji yakamlowesha viatu. "Haya, nipimie."

Nikampa kwa kijiko. Nilipoinua macho, wote walikuwa wamejipanga mpaka migombani, bila askari, bila fimbo. Bibi, kwenye mkeka wake, aliwaitikia kwa mbali, mmoja mmoja, mkono kifuani.

Leo nimestaafu, kesho narudi kidato cha pili. Kama ni maji yaliyomlinda bibi, Mama Koku mwenyewe anasema hajui. Nilipofungua kijiti nilikuta kimelika katikati kwa nyayo. Nikakipeleka jikoni kiwe kuni.

"Weee! Lete hapa," bibi akanipokonya. "Hiki kimekanyagwa na Bitegeko mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha."

Akakifunga tena kwenye kamba. Jumapili watakuja.