Ukungu wa Bigwa Unavyomchanganya Fundi Mwaisha

Wiki iliyopita, saa moja asubuhi, Mwaisha Rehani alikuwa juu ya paa la chuo kimoja Bigwa, Morogoro, akikodolea macho mji asiouona. Ukungu ulikuwa umeshuka tena kutoka milima ya Uluguru, na kompyuta za madarasani chini zilikuwa zimeanza kujikokota.

"Hapa ndipo akili inaponiruka," alisema fundi huyu wa intaneti wa miaka ishirini na saba.

Tangu biashara ya intaneti ifunguliwe kwa kampuni binafsi, kazi kama yake zimechipuka Morogoro. Mwajiri wake huvuta intaneti kwa waya kutoka Dar es Salaam hadi mjini, kisha huirusha kwa redio mpaka chuoni. Ukipima waya, mzima. Ukipima redio, ukungu unadondosha kipande kimoja tu cha data katika kila mia. Lakini faili la kupakua kwa dakika tano linachukua arobaini! Nani asingechanganyikiwa?

Miezi mitatu amebadilisha antena, amekaza nyaya, hata miti ya watu ameifyeka bure. Bosi wake, Gabrieli, amempa mpaka Jumamosi. Asipomridhisha, mtambo unang'olewa na kazi hana.

Juzi alikuwa kwa Mama Felista, anayepokea bidhaa za maduka ya mlimani kutoka kwa tajiri wa mjini. Bidhaa hufika Bigwa kwa gari, kisha hupanda mlima vichwani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja akarudi mikono mitupu, katoni ya sabuni imetumbukia mtoni. Mama akampa nyingine kutoka stoo yake.

"Tajiri wa mjini humwambii, mama?" Mwaisha akauliza.

"Nimwambie ili iweje, mwanangu? Atadhani mizigo imenizidi huku, apunguze. Nafidia mwenyewe, kimyakimya."

Hapo Mwaisha akang'amua. Kumbe kompyuta ya Dar inayotuma data nayo, kipande kikipotea hewani, hudhani njia imejaa, ikapunguza mwendo! Jioni hiyo akafunga kompyuta kuukuu pale waya unapokutana na redio, itunze nakala ya kila kipande na kurudia kutuma kilichopotea, Dar wasijue.

Leo kumeamka jua, naye bado hana uhakika. "Jana, kwenye ukungu, faili lile lile lilichukua dakika tisa. Nikataka kurudia, jua likatoka. Sijui nimefaulu au nimebahatisha."

Jumamosi Gabrieli anakuja kupima mwenyewe. Kukiwa na jua, atasema siku za jua mambo yalikuwa mazuri hivyo hivyo tangu mwanzo.

"Jumamosi mdogo wangu anaolewa," anasema Mwaisha, akiona haya. "Nyumbani wote wanaomba jua. Mimi naomba ukungu, tena ule mzito. Mungu anisamehe."